Wanga: Sukari isiyoonja utamu

PUNJE ya hindi na bua lililoibeba vimejengwa kwa sehemu kubwa kutokana na sukari ya aina moja, iitwayo glukosi. Hata hivyo, binadamu hushiba kwa punje, na bua humwachia ng'ombe. Siri ya tofauti hiyo imo katika namna molekuli za sukari hiyo zinavyoungana.

Glukosi ni mojawapo ya kabohaidreti, yaani kundi la kemikali za viumbe hai zinazoundwa na kaboni, haidrojeni na oksijeni. Molekuli yake moja ina atomi 6 za kaboni, 12 za haidrojeni na 6 za oksijeni. Mkemia wa Ujerumani, Emil Fischer, aliyechambua maumbo ya sukari, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1902.

Sukari mbili zikiungana hupatikana sukari pacha. Sukari ya mezani ni glukosi na fruktosi. Ile ya maziwa ni glukosi na galaktosi. Glukosi nyingi zikiungana hupatikana minyororo mirefu, kama wanga na selulosi.

Mnyororo wa wanga hujisokota kama springi, na vimeng'enya vya mate na kongosho huukata kwa urahisi. Ndiyo maana wali ukitafunwa kwa muda mrefu huanza kuwa mtamu. Katika selulosi, kila glukosi imegeuzwa kinyume cha jirani yake, hivyo minyororo hunyooka na kushikamana kama nyuzi za kamba. Binadamu hana kimeng'enya cha kuikata. Ng'ombe husaidiwa na bakteria waishio tumboni mwake.

Glukosi inapoingia katika damu, kongosho hutoa homoni ya insulini inayoziwezesha seli, hasa za misuli na mafuta, kuipokea. Gramu moja ya wanga huupa mwili takriban kilokalori 4. Ziada huhifadhiwa katika ini na misuli kama glaikojeni, na inayobaki hugeuzwa mafuta.

Kwa mgonjwa wa kisukari, insulini haitoshi au haifanyi kazi ipasavyo, hivyo glukosi hulimbikizana katika damu na, baada ya muda, kudhuru macho, figo na mishipa. Mgonjwa anayekunywa chai bila sukari, kisha akala ugali bila kipimo, bado ameipokea glukosi ile ile, ingawa ulimi haukuionja.

Hilo halina maana kwamba wanga ni sumu, kwani ubongo hutegemea zaidi glukosi. Linalohitajika ni kiasi, pamoja na kuchagua nafaka isiyokobolewa, kama unga wa dona, ambao hubaki na nyuzinyuzi. Nazo nyuzinyuzi hizo, ikiwamo selulosi isiyomeng'enywa, husaidia choo kupita bila taabu.