MLINZI WA KAMPUNI ANA MAMLAKA GANI JUU YAKO? SOMA HAPA KABLA HAYAJAKUKUTA

Leo sina picha za harusi wala umbea wa wasanii. Nataka tuongelee walinzi, hawa wa makampuni binafsi wanaokaa getini, benki, madukani, mpaka kwenye hizi kafe tunazoingilia mtandaoni.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Majuzi nimetoka kwenye duka moja kubwa hapa Dar, mlinzi akanidaka mlangoni, eti nimeficha kitu. Nikapelekwa stoo nyuma. Nikavuliwa mkanda na viatu, begi likamwagwa chini, simu ikachukuliwa. Hawakukuta kitu. Bado wakaniambia nitoe elfu hamsini "tuyamalize", la sivyo nitalala humo. Nilikaa karibu saa mbili. Mimi nimeishia kidato cha nne na sheria sijasomea, lakini nilivyotoka nikaanza kusoma. Nimekuta mambo ambayo wengi wetu hatuyajui, na walinzi wenyewe hawayajui.

1. MLINZI SI POLISI
Gwanda, buti na rungu havimpi mtu uaskari. Kwenye suala la kukamata, mlinzi wa kampuni anasimama kama raia mwingine yeyote, yaani kama mimi na wewe. Hata akiwa na bunduki, ile ni silaha inayohitaji kibali chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Haimwongezei mamlaka ya kukukamata.

2. JE, ANAWEZA KUKUKAMATA?
Ndiyo, anaweza. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai (Sura ya 20) inamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda baadhi ya makosa ya jinai mbele yake. Pia mwenye mali, mfanyakazi wake au mtu aliyempa idhini anaweza kumkamata anayekutwa akiharibu mali hiyo. Kwa hiyo mlinzi akikuona unaruka ukuta na betri ya gari ya watu, usimwambie hana haki. Anayo. Lakini kukushuku kwa sababu umevaa mlegezo au una begi kubwa, hiyo siyo sababu.

Na anayekukamata anatakiwa akwambie unakamatwa kwa kosa gani. Uliza kwa upole: "Kaka, nimekosa nini?"

3. AKISHAKUKAMATA AFANYE NINI?
Hapa ndipo kwenye kasheshe. Sheria inasema raia akimkamata mtu amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa pasipo sababu, na kama askari hayupo karibu, ampeleke kituo cha polisi kilicho jirani. Haisemi umfungie stoo, wala umsubirishe mpaka bosi aamke. Polisi nao wakiona hakuna sababu ya kuamini umetenda kosa, wanatakiwa wakuachie.

Kumfungia mtu isivyo halali ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu (Sura ya 16), na unaweza pia kufungua kesi ya madai kudai fidia.

4. KIPIGO
Nguvu inayoruhusiwa ni ile inayohitajika kumzuia mtu asikimbie au kujikinga asiumizwe. Ukishatulia, ukashikwa, kila kofi linalofuata ni shambulio, na mlinzi anashtakiwa yeye kama yeye. Katiba yetu ya 1977, ibara ya 13(6)(e), inakataza mtu yeyote kuteswa au kupewa adhabu za kinyama. Haijamtoa mwizi.

5. KUPEKULIWA
Mwenye jengo anaweza kuweka sharti kwamba anayeingia akaguliwe begi. Hutaki, unageuza unaondoka. Kukupekua kwa nguvu mlinzi akijisikia tu, hapana. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya kila mtu. Na dada zangu mjue hili: sheria inataka mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa kuzingatia staha.

6. FAINI, SIMU NA KITAMBULISHO
Faini ya kosa la jinai anaitoza mwenye mamlaka kisheria, siyo mlinzi. Ile elfu hamsini yangu haikuwa faini, ilikuwa ni kunitisha ili nitoe hela. Kuhusu majina na namba za vitambulisho tunazoandikwa getini, tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Anayekusanya taarifa zako awe na sababu halali na azitunze.

UKIKAMATWA UFANYEJE?
Usikimbie wala usirushe ngumi. Sema kwa sauti watu wasikie: "Naomba tuende polisi." Kariri jina la kampuni lililoandikwa kwenye gwanda na uangalie saa. Usisaini karatasi usiyoielewa. Umeumizwa? Nenda polisi uchukue PF3, kisha hospitali.

Sasa msije mkasema nawachukia walinzi. Mjomba wangu ni mlinzi. Kuna usiku alimkamata kijana anang'oa koki za maji kwenye nyumba anayolinda, saa tisa usiku. Hakumpiga hata kofi. Lakini bosi alimwambia kwa simu, "Mfunge kamba, nakuja asubuhi." Bosi akafika saa nne. Kijana mikono imevimba, ndugu zake wakaenda kushtaki. Mjomba ndiye aliyelala mahabusu. Bosi alisema hakutoa maagizo yoyote, na kampuni ikamfukuza kazi. Kijana aliiba kweli, na mjomba alikuwa na haki ya kumkamata. Alichokosea ni yale masaa saba.

Wenzetu Kenya walitunga sheria maalum ya ulinzi binafsi mwaka 2016, ikaunda mamlaka ya kuyasimamia makampuni. Mimi naona hata kabla ya kufika huko, kampuni ikimpa mtu rungu impe na karatasi moja inayoeleza haya niliyoandika. Mjomba angeisoma, leo angekuwa kazini.

Kama na wewe yamekukuta, au wewe ni mlinzi na unaona nimekosea mahali, tupia maoni hapo chini. Matusi hapana. Naomba kuwasilisha.