Nani Alipe Mwalimu?

Mwaka wa 1906 Roma na Leta ya Congo walipatana: Leta ikatoa udongo, misioni zikafungua masomo. Huku Kolwezi Union Minière, baadaye Gécamines, ilifundisha watoto wa wafanyakazi wake. Mwaka wa 1974 Leta ilitwaa masomo ya misioni, 1977 ikayarudisha.

Miaka ya 1990, mishahara ya Leta ilipokwisha nguvu, wazazi ndio waliomlipa mwalimu. Ofisi zetu za masomo nazo zilikula feza ile. Mtoto wa maskini alirudishwa nyumbani. Wengine wakaenda kuchimba mawe.

Mwaka wa 2019 Leta ilitangaza: masomo ya msingi ni bure. Vema, lakini mwalimu hashibi kwa tangazo. Basi Leta ilipe, wazazi waangalie, nasi tusimfungie mlango asiye na feza.