Njia ya Likia: Milima, Vinamasi na Miji ya Kale Kusini mwa Uturuki

Njia ya Likia ni njia ya waendao kwa miguu kusini-magharibi mwa Uturuki, kwenye pwani ya Bahari ya Mediterania. Inaanzia karibu na mji wa Fethiye upande wa magharibi na kuishia milimani nje ya Antalya upande wa mashariki, umbali wa zaidi ya kilomita 500. Ilifunguliwa mwaka 1999, ikawa njia ndefu ya kwanza nchini humo kuwekewa alama kwa ajili ya watembeaji. Hata hivyo, ni sehemu chache sana zilizochongwa upya. Nyingine nyingi ni barabara za Warumi, vijia vya wachungaji na mapito ya nyumbu yaliyotumika kwa karne nyingi. Anayeifuata hupita katika nchi iliyojengwa na milima na kubomolewa na mito.

Nchi na watu wake

Likia ya kale ilikuwa rasi pana inayochomoza baharini kati ya Fethiye na Antalya ya leo. Milima ya Taurus huishia hapo kwa ghafla. Mlima Babadağ, wenye urefu wa karibu mita 1,970, uko kilomita chache tu kutoka ufukweni, na vilele vya bara vinapita mita 3,000. Miamba mingi ni ya chokaa. Mvua ikinyesha, maji huzama ardhini, ndiyo maana tangu zamani wakazi wamechimba matangi ya kuhifadhi maji ya mvua kandokando ya njia. Ardhi tambarare ni haba, na ipo hasa pale mito michache, kama Eşen na Demre, ilipomwaga udongo kwenye midomo yake.

Wenyeji wa nchi hiyo wametajwa katika maandishi ya Wahiti kwa jina la Lukka. Walikuwa miongoni mwa washirika wa Wahiti katika vita vya Kadeshi dhidi ya Farao Ramesesi wa Pili, yapata mwaka 1274 KK. Lugha yao ilikuwa ya jamii moja na Kihiti, ingawa baadaye waliiandika kwa herufi zinazofanana na za Kigiriki. Kinachowatambulisha zaidi ni makaburi. Walichonga vyumba vya maziko katika majabali wima na kuyapa mawe sura ya nyumba za mbao, pamoja na boriti, milango na vichwa vya miti vinavyojitokeza chini ya paa. Kwa kuwa nyumba zenyewe za mbao zilikwisha kuoza, makaburi hayo ndiyo yanayoonyesha jinsi Walikia walivyojenga makazi yao.

Bahari ilikuwa barabara kuu ya biashara. Mwaka 1982 mzamiaji wa sifongo aligundua mabaki ya jahazi karibu na rasi ya Uluburun, jirani na mji wa Kaş. Wanaakiolojia walilifukua chini ya maji kuanzia mwaka 1984 hadi 1994, wakabaini kuwa lilizama mwishoni mwa karne ya 14 KK. Lilibeba karibu tani 10 za shaba na tani moja ya bati, vioo vya rangi, mitungi ya utomvu, pembe za ndovu, meno ya kiboko na mayai ya mbuni. Ndani yake yalikuwamo pia magogo ya mpingo, mti uleule ambao Wamakonde huchongea vinyago. Wamisri waliagiza mpingo kutoka nchi za kusini mwao, na kwa mikono ya wafanyabiashara ukavuka bahari. Shehena hiyo inathibitisha kwamba miaka zaidi ya 3,300 iliyopita mali ya Afrika ilikuwa ikipita mbele ya majabali ya Likia.

Muungano wa miji

Milima iliwagawa Walikia katika mabonde na ghuba zisizofikiana kwa urahisi, na kila bonde likawa na mji wake. Yapata mwaka 540 KK jeshi la Waajemi likiongozwa na Harpago liliuzingira mji wa Xanthos. Mwanahistoria Herodoto anasimulia kwamba wanaume wa mji huo waliwafungia wake zao, watoto na mali ndani ya ngome, wakaiwasha moto, kisha wakatoka kupigana hadi wa mwisho. Zilisalia kaya 80 tu ambazo siku hiyo hazikuwapo mjini. Mwaka 42 KK mji huohuo ulizingirwa na Bruto, mmoja wa wauaji wa Julius Caesar, na wakazi wake wakachagua tena kifo kuliko kutekwa.

Kati ya misiba hiyo miwili Walikia walijenga kitu kilichowapa jina la kudumu katika elimu ya siasa. Mwaka 188 KK Warumi waliikabidhi nchi yao kwa kisiwa cha Rhodes. Walikia walipinga kwa miaka ipatayo 20, na mwaka 167 KK wakaachiwa huru. Muungano wao wa miji ukawa ndio serikali. Kwa maelezo ya mwanajiografia Strabo, miji 23 ilipiga kura katika baraza la pamoja: mikubwa ilikuwa na kura tatu kila mmoja, ya kati mbili, na midogo moja. Kodi na majukumu mengine yaligawanywa kwa uwiano huohuo. Miji sita ya daraja la kwanza ilikuwa Xanthos, Patara, Pinara, Tlos, Myra na Olympos.

Mwaka 1748 mwanafalsafa Mfaransa Montesquieu aliusifu muungano huo kuwa mfano bora wa shirikisho. Sifa hiyo iliwafikia waandishi wa katiba ya Marekani, na Alexander Hamilton aliinukuu mwaka 1787 alipokuwa akitetea katiba mpya. Ukumbi wa baraza la Patara umejengwa upya kwa mawe yake ya asili, na viti vyake vya nusu duara vinaonekana kama vilivyokuwa.

Barabara za Warumi

Mwaka 43 BK Kaisari Klaudio aliifanya Likia kuwa jimbo la dola ya Kirumi. Muda mfupi baadaye ilisimamishwa nguzo ya mawe huko Patara, ikiwa imeandikwa kwa Kigiriki orodha ya njia za jimbo zima na umbali kati ya mji na mji. Mawe yake yaligunduliwa mwaka 1993. Ni mojawapo ya orodha za barabara za kale zaidi zilizosalia katika dola nzima ya Kirumi, na kwa namna fulani ndiyo ramani ya kwanza ya njia inayotembewa leo.

Warumi waliacha pia kazi nyingine ambazo mtembeaji hukutana nazo uso kwa uso. Karibu na Patara, mahali paitwapo Delikkemer, njia inafuata mfereji uliopeleka maji mjini. Bonde lilipokatiza, wahandisi walijenga ukuta wa mawe na kulaza juu yake vipande vya mwamba vilivyotobolewa katikati na kuunganishwa kama bomba. Maji yalishuka upande mmoja na kupanda upande wa pili kwa nguvu ya msukumo wake yenyewe. Bandarini Patara uliinuliwa mnara wa taa katika miaka ya 64 na 65, enzi ya Kaisari Nero. Kaisari Hadrian naye alijengewa maghala makubwa ya nafaka, moja Patara na jingine Andriake, bandari ya Myra.

Bandari zilizogeuka vinamasi

Wasomaji wa Biblia wanaijua miji hiyo bila kufika. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinaeleza kwamba Paulo alibadilisha merikebu Patara alipokuwa akielekea Yerusalemu, na tena huko Myra alipokuwa akipelekwa Roma kama mfungwa. Katika karne ya 4 Myra ilikuwa na askofu aitwaye Nikolao, ambaye kwa mapokeo alizaliwa Patara, na ambaye ukarimu wake ndio chimbuko la Baba Krismasi. Mwaka 1087 mabaharia wa Kiitalia waliichukua mifupa yake na kuipeleka Bari.

Kufikia wakati huo bandari zilikuwa zimeanza kufa. Mito ilishusha udongo kutoka milimani mwaka hadi mwaka, na upepo na mawimbi yakarundika mchanga kwenye milango ya ghuba. Bandari ya Patara iliziba na kugeuka kinamasi cha matete, na mabaki ya mnara wa taa yakabaki mchangani, mbali na maji. Andriake nayo ikawa bwawa la tope, huku Mto Demre ukifukia Myra kwa mita kadhaa za udongo. Letoon, mahali patakatifu pa Walikia wote, palizama kwa maji ya ardhini. Hadi leo misingi ya mahekalu yake husimama katika madimbwi yenye vyura na kobe. Ni huko ambako mwaka 1973 lilipatikana jiwe lenye maandishi ya Kilikia, Kigiriki na Kiaramu, lililosaidia sana wataalamu kuielewa lugha ya Walikia. Letoon na Xanthos ziliingizwa pamoja katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1988. Upande wa Kekova hali ilikuwa kinyume: mitetemeko ya ardhi iliididimiza pwani, na ngazi na kuta za nyumba sasa zinaonekana chini ya maji maangavu.

Vita viliongeza uzito. Katikati ya karne ya 7 kundi la merikebu za Waislamu liliwashinda Wabizanti katika vita vya Dhat al-Sawari, vinavyoaminika kupiganwa karibu na Finike ya leo. Bahari haikuwa salama tena, na watu wakapungua pwani. Vinamasi navyo vilileta malaria. Baada ya Waturuki kuingia, wafugaji wa Kiyörük walishuka na mbuzi wao tambarare wakati wa baridi, na joto lilipoanza wakapanda kwenye malisho ya juu kukwepa jua na mbu. Kupanda na kushuka huko kuliziweka hai njia za kale.

Wageni kutoka Ulaya walifika katika karne ya 19. Mwingereza Charles Fellows alitembelea bonde la Xanthos mwaka 1838, na miaka michache baadaye akasafirisha sanamu na makaburi mengi hadi British Museum, London, yaliko hadi sasa. Mchoraji Edward Daniell aliyechora magofu ya nchi hiyo alifariki Antalya mwaka 1842 kwa malaria aliyoipata safarini. Karne iliyofuata iliongeza gofu jingine. Mwaka 1923 Ugiriki na Uturuki zilibadilishana wakazi kwa misingi ya dini, na mji wa Wagiriki wa Kayaköy karibu na Fethiye ukabaki na mamia ya nyumba tupu.

Kutoka mapito hadi njia

Hadi nusu ya pili ya karne ya 20 vijiji vingi vya Likia havikuwa na barabara ya gari. Watu walisafiri kwa mashua au kwa nyumbu. Barabara kuu ya pwani ilipokamilika, mapito yalianza kufunikwa na vichaka. Kate Clow, Mwingereza aliyehamia Uturuki, aliyatafuta katika miaka ya 1990, akayaunganisha, na pamoja na watu waliojitolea akayawekea alama za mistari miwili, nyeupe na nyekundu, kwa utaratibu wa njia ndefu za Ufaransa.

Kutoka magharibi, njia hupanda ubavuni mwa Babadağ juu ya Ölüdeniz, ikashuka hadi Patara na kupitia Kaş kufika Kekova na Demre. Baada ya Finike inazunguka rasi ya Gelidonya, ambako mwaka 1960 George Bass na wenzake walifukua jahazi la yapata mwaka 1200 KK na kuanzisha mbinu za akiolojia ya chini ya maji. Mbele yake kuna Olympos, mji uliofichwa bondeni, na juu ya kijiji cha Çıralı kuna Yanartaş, mwamba unaotoa gesi ya methani na ndimi za moto zisizozimika, ambao wazee wa kale waliuhusisha na dude Chimaera. Kisha njia hupanda hadi karibu mita 1,800 kwenye Mlima Tahtalı, wenye kilele cha zaidi ya mita 2,360, kabla ya kuteremka upande wa Antalya. Tawi lake la pwani hupita Phaselis, mji wa bandari tatu ambako Aleksanda Mkuu alikaa wakati wa baridi ya mwaka 334–333 KK.

Leo vinamasi vilivyoogopwa vinahifadhiwa. Patara na Kekova zilitangazwa maeneo maalumu ya hifadhi mwaka 1990. Mchanga ulioziba bandari ya Patara ndimo kasa wanamotagia mayai, na ufuko hufungwa usiku katika msimu huo. Shinikizo sasa linatoka kwa hoteli zinazoongezeka pwani na kwa vitalu nyumba vya nyanya vilivyotanda hadi ukingoni mwa magofu ya Demre.

Majira yafaayo kutembea ni kuanzia Machi hadi Mei na kuanzia Septemba hadi Novemba, kwa sababu wakati wa kiangazi joto hupita nyuzi 35 na matangi mengi hukauka. Safari nzima huchukua karibu mwezi mmoja, lakini wengi huitembea kwa vipande na kulala katika nyumba za wageni za wanakijiji. Mtembeaji abebe maji ya kutosha na kufuata alama, na mawe ya kale ayaache palepale alipoyakuta, kwa kuwa sheria ya Uturuki inakataza kuyaondoa.