Mto Mmoja, Majina Matatu

Mto Lwakhakha hutoka katika Mlima Elgon. Ukifika mbali kidogo huitwa Malaba, kisha Mpologoma, yaani simba kwa Kiganda. Kwa jina hilo huingia Ziwa Kyoga, lipokealo pia maji ya Ziwa Viktoria kwa njia ya Nile. Na yasiyokauka njiani huifikia Misri.

Mwaka 1902 Waingereza waliikata sehemu ya mashariki ya Uganda, wakaitia katika nchi ambayo leo ni Kenya. Amri ya 1926 ikauandika mto huu kuwa sehemu ya mpaka. Wabukusu wengi wakawa ng'ambo hii, Wagisu ng'ambo ile, nao ni ndugu kwa lugha na kwa tohara. Hata hivyo, wote huteka maji yale yale.