Upigaji picha za mbio za magari

Upigaji picha za mbio za magari ni tawi la upigaji picha za michezo linalonasa gari likiwa kwenye mwendo mkali. Afrika Mashariki tawi hili limekua na Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na yaliyorudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 huko Naivasha.

Jambo kuu ni kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga. Kwa 1/1000 ya sekunde kila kokoto linaloruka huganda hewani, lakini magurudumu nayo huganda, na gari huonekana kana kwamba limeegeshwa. Ndiyo maana wazoefu hushuka hadi 1/125 au 1/60 na kulifuata gari kwa kamera, wakigeuka kuanzia kiunoni huku miguu imetulia, na hawasiti hata baada ya kubonyeza. Gari hubaki likionekana vizuri, miti nyuma yake ikigeuka michirizi. Picha nyingi huharibika; chache zinazofaulu zina uhai usiopatikana kwa njia nyingine.

Barabara za misitu ya misindano, kama za Mgololo wilayani Mufindi, Tanzania, zina ugumu wake. Kivuli kizito hudai ISO (kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ya 800 au zaidi, na ukungu huibabaisha fokasi ya kamera, hivyo hulengwa mapema mahali gari litakapopita. Kiangazi, vumbi linalomulikwa na jua kwa nyuma hupendeza mno, ila lenzi haibadilishwi hapo.

Kwa usalama, mpiga picha husimama upande wa ndani wa kona, mahali palipoinuka, kwa kuwa gari lililoshindwa kukata kona hutokea upande wa nje.