Njugu ya Gatanga, Mti wa Brisbane

Jioni yangu ya tatu mjini Brisbane, mwanangu alinipeleka kwenye mkahawa mmoja karibu na mto ili nionje chakula cha Australia. Anafanya kazi huko, mwaka wa nne sasa. Alishika menyu akanitafsiria mstari kwa mstari, kama mimi nilivyokuwa nikimsomea barua za shule alipokuwa mdogo: paja la kangaruu, mkate wa mbegu za mgunga, samaki aliyefunikwa kwa makadamia zilizopondwa.

"Hiyo ya mwisho ni yetu," nikamwambia.

"Hapana, Mama. Hiyo ndiyo ya hapa hasa."

Nilibisha, tena kwa dhati. Nimezaliwa Gatanga, Murang'a, na sikumbuki shamba letu bila makadamia. Baba aliipanda katikati ya kahawa, na bei ya kahawa ilipoporomoka baada ya 1989, miti hiyo ndiyo iliyolipa karo ya wadogo zangu. Nyuma ya jiko kulikuwa na jiwe bapa lenye kishimo katikati, kimechimbwa na mapigo ya miaka. Unaiketisha njugu kishimoni, unaishikilia kwa vidole viwili, unaipiga mara moja kwa jiwe la mkononi. Ukipiga kwa woga, inachomoka na kupotelea kwenye majani ya kahawa. Ukipiga kwa hasira, unasaga kiini pamoja na ganda. Mama yangu alikuwa akitoa kiini kizima, cheupe, cha mviringo, mara tisa kati ya kumi.

Kangaruu tulimla kwanza. Ni nyama nyekundu, isiyo na mafuta, na yangu niliirudisha jikoni iive zaidi. Wenyeji wa nchi ile wamemla kangaruu tangu enzi na enzi, lakini majimbo mengi ya Australia hayakuruhusu nyama yake iuzwe kuwa chakula cha watu hadi 1993. South Australia ilitangulia mwaka 1980. Kabla ya hapo walionunuliwa nyama hiyo ni mbwa na paka. Kisha samaki akaletwa, nikatafuna, na ladha ikanirudisha nyuma ya jiko la mama.

Tangu usiku ule nimesoma kila nilichopata kuhusu njugu hii, na mwanangu alisema kweli. Makadamia ni mti wa misitu ya kusini-mashariki mwa Queensland na kaskazini mwa New South Wales. Wenyeji wa huko waliiita kindal kindal, boombera, jindilli, kila jamii kwa lugha yake. Nao waliipasua juu ya mawe yenye vishimo. Niliposoma hapo nilifunga kitabu nikakaa kimya kwa muda.

Jina tunalolitumia sote lilitolewa mwaka 1857 na Ferdinand von Mueller, mtaalamu wa mimea, kwa heshima ya rafiki yake John Macadam. Macadam alikuwa Mskoti, daktari na mwanakemia wa Melbourne, na alifariki baharini mwaka 1865 akiwa bado kijana. Alikuwa pia katibu wa kamati iliyoandaa msafara wa Burke na Wills, na hapo ndipo kisa chake kinaponishika moyo.

Msafara huo uliondoka Melbourne Agosti 1860, na ngamia, na shehena tele, kuivuka Australia kutoka kusini hadi kaskazini. Aprili 1861 Burke, Wills na mwenzao King walirudi kwenye kambi yao ya Cooper Creek wakiwa hoi, wakakuta wenzao waliowasubiri wameondoka asubuhi ya siku ile ile. Wakaanza kula nardoo, aina ya kangaga ambalo Wayandruwandha, wenyeji wa pale, walilisaga kuwa unga. Wageni walisaga wakala, matumbo yakajaa, na miili ikazidi kuisha. Nardoo ina kitu kinachoharibu vitamini B1, na Wayandruwandha walikuwa na utaratibu wao wa kuiandaa kwa maji na moto. Mtu yeyote aliyelelewa kwa mhogo mchungu anaelewa jambo hili bila kufundishwa: kuna chakula ambacho usipokiloweka kitakuua, na anayejua siku za kuloweka ni bibi yako. Burke na Wills walikufa mwishoni mwa Juni. King alipokelewa na Wayandruwandha, wakamlisha, na Septemba alikutwa nao akiwa hai.

Nilimsimulia mwanangu haya yote, naye akauliza mbona njugu ikapewa jina la katibu. Sikuwa na jibu la kumridhisha. Nilimwomba tu ayaandike yale majina matatu ya wenyeji kwenye simu yake, na akaandika.

Mbegu zilivuka bahari hadi Hawaii miaka ya 1880, na Wamarekani ndio walioigeuza kuwa biashara kubwa. Kwetu ililetwa miaka ya 1940 na mlowezi Bob Harries, kwenye shamba lake karibu na Thika, si mbali na kwa baba. Leo Kenya ni miongoni mwa nchi zinazovuna makadamia nyingi zaidi duniani, na mabroka hufika Gatanga na magunia hata kabla njugu hazijaanguka.

Siku ya kuondoka tulipita kwenye bustani ya mimea katikati ya jiji. Kuna mti wa makadamia uliopandwa mwaka 1858 na Walter Hill, mkuu wa bustani wa wakati ule. Inasimuliwa kwamba alimpa kijana wake wa kazi njugu azipasue apate mbegu, kijana akazila, na Hill, aliyedhani zina sumu, akabaki akimtazama kama atakufa.

Niliinama chini ya tawi lililoshuka. Mwanangu alidhani natafuta njugu. Nilikuwa nahesabu majani: matatu kila fundo, kama ya baba.