Sumu ya pamba: hatua za kuchukua na pa kupata msaada

Simiyu inaongoza nchini kwa kulima pamba. Ukiishi Kimali, hata kama hupulizii, viuatilifu vya shamba la jirani vinaweza kukufikia kwa upepo au maji. Huingia mwilini kwa kuvuta hewa, kumeza au kupitia ngozi.

Dalili za hatari: jasho na mate mengi, kutapika, kuharisha, kuona ukungu, misuli kuchezacheza, kupumua kwa shida.

Fanya haraka:
- Mtoe mgonjwa eneo la sumu na mvue nguo zilizolowa.
- Mwoshe kwa maji mengi na sabuni.
- Usimtapishe. Usimpe maziwa, hayaondoi sumu.
- Mpeleke zahanati, pamoja na chupa au lebo ya dawa. Mhudumu atajua aina ya sumu.

Kinga: usitumie chupa ya dawa kuwekea maji, mafuta au maziwa, hata ukiiosha.

Kama maji ya kijiji yamechafuliwa: acheni kuyatumia, kuyachemsha hakuondoi viuatilifu. Andika tarehe, mahali na walioathirika. Toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji, afisa afya wa kata na afisa mazingira wa halmashauri. Msiposikilizwa, andikeni kwa NEMC.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakupa haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya, na ya kuidai mahakamani. Huna pesa ya wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inaruhusu msaada wa bure kwa wasio na uwezo.